Droni ndogo haikuruka kutoka Ukraine hadi Siberia

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti droni ndogo za Ukraine ziliruka zaidi ya kilomita 4,000 bila rada kuziona, zikachoma ndege za kivita za Urusi huko Siberia.

Ndege ziliungua kweli, tarehe 1 Juni 2025. Safari ndiyo haikuwa hivyo. Droni zilibebwa na malori, zikiwa zimefichwa ndani ya vibanda vya mbao, hadi karibu na viwanja vya ndege za kivita kama Belaya, mkoani Irkutsk, huko Siberia. Paa zikafunguliwa kwa mbali, droni zikatoka, zikamalizia kipande kifupi kilichobaki. Dereva wa lori ndiye aliyezila hizo kilomita.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Pima kwenye ramani ya simu umbali kutoka Ukraine hadi Irkutsk, kisha muulize mpiga picha wa harusi betri ya droni yake hudumu muda gani. Atakutajia dakika, si saa.

Mkanganyiko unaeleweka, maana neno "droni" tunalipachika kila kitu kirukacho bila rubani. Zipo za aina nyingine, zenye mabawa na injini ya mafuta, ambazo kweli huruka zaidi ya kilomita 1,000. Hizo ni kama ndege ndogo, hazienei kwenye begi.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Aliyekutumia mweleze habari ya malori, kwa upole tu. Huenda naye alitumiwa na shemeji.