Kushuka ndiko kunakomshinda mzee

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ilitoka mwaka 2003. Mlimani City, jengo kubwa la maduka, ilifunguliwa mwaka 2006, na tangu hapo shida nyingi za mkazi wa Dar es Salaam zimehamia kwenye majengo ya aina hiyo: benki, duka la dawa, laini ya simu iliyofungwa. Mzee wa Sinza, mtaa wa jirani, haendi huko kuzurura, kwa hiyo majengo hayo yajengwe na kuendeshwa kwa namna inayomfaa naye.

Tuanze na ngazi. Wenye majengo wakibana matumizi huweka ngazi ya umeme ya kupandia tu, wakidhani kupanda ndiyo kazi. Kwa goti la mzee ni kinyume. Anaposhuka, misuli ya paja inabeba uzito wote wa mwili huku inarefuka, na goti lililosagika hapo ndipo linapouma. Akivaa miwani ya lenzi mbili, sehemu ya chini, ya kusomea, inamtia ukungu kwenye ngazi anayotaka kuikanyaga. Utepe wa njano kwenye ukingo wa kila ngazi na vishikio pande zote mbili ni kazi ya fundi mmoja. Mteremko wa kupitia asiyeweza ngazi nao uwe wa kweli: kila sentimita 1 ya kimo, urefu usipungue sentimita 12, na bodaboda zisiegeshwe mdomoni pake.

Choo kinasahaulika kuliko vyote. Wazee wengi wanatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, na wanaume wengi wana tezi dume iliyovimba. Sasa choo kiko ghorofa ya pili, mwisho wa korido, kimefungwa, na ufunguo anao mhudumu aliyekwenda kula. Mzee akishajua hivyo, siku ya kwenda mjini hanywi maji, au anairuka dozi ya asubuhi. Kwa joto letu hili, kizunguzungu hakiko mbali, na baada yake ni kuanguka. Choo cha chini, wazi, chenye vyuma vya kujishikia, kinamkinga.

Mabenchi yawe na egemeo na mikono ya kujiinulia, kimo kama sentimita 45. Mameneja huniambia vijana watayakalia kutwa bila kununua kitu. Wakae.

Vigae vinavyong'aa vinaumiza macho ya mzee na kumfanya adhani sakafu imelowa. Akitoka juani kuingia ndani, macho yake yanachelewa kuzoea, mlinzi amwache asimame kidogo badala ya kumwambia, "Bibi, sogea wengine wapite."

Kaunta tunajisifu kwa adabu, na kweli shikamoo haikosekani. Kisha kijana anamgeukia mjukuu: "Anataka nini?" Aulizwe mwenyewe, taratibu, ana kwa ana, muziki umepunguzwa, na kiasi cha kulipa asomewe kabla hajaweka namba ya siri.