Kwa nini kuacha maziwa hakuzuii mawe ya figo yasirudi?

Anayejua maumivu ya jiwe linaposhuka kutoka kwenye figo kuelekea kibofu hahitaji kushawishiwa alihofie lisimrudie, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa takribani nusu ya waliowahi kupata jiwe hupata jingine ndani ya miaka 10 wasipobadilisha chochote. Mawe mengi huundwa na kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali inayopatikana katika mimea mingi tunayokula. Ndiyo maana wengi, wakishaambiwa kwamba jiwe lao lilikuwa la kalsiamu, huacha maziwa, mtindi na dagaa. Uamuzi huo unaonekana wa busara, lakini mara nyingi hudhuru.

Sababu iko utumboni. Kalsiamu na oksaleti zikikutana humo wakati wa mlo, hushikana na kutoka pamoja na choo. Kalsiamu ikipungua, oksaleti hubaki huru, hufyonzwa hadi kwenye damu, na figo hulazimika kuitoa kwa njia ya mkojo, na huko ndiko inakounda fuwele, yaani chembe ngumu zinazokua na kuwa jiwe. Watafiti wa Parma, Italia, waliwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe na kutoa kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mawe yaliwarudia 23 kati ya 60 waliopunguza kalsiamu, lakini 12 tu kati ya 60 waliokula kalsiamu ya kiasi cha kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama.

Chumvi inastahili lawama kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu kadiri figo zinavyotoa sodiamu nyingi, madini yaliyomo kwenye chumvi, ndivyo zinavyotoa kalsiamu nyingi pia. Nyama ikizidi huongeza asidi mwilini na kupunguza sitreti kwenye mkojo, nayo sitreti ndiyo inayozuia fuwele zisikue. Ndimu na malimau husaidia kuirudisha. Karanga na spinachi, zenye oksaleti nyingi, si lazima ziachwe kabisa: mboga ichemshwe na maji yake yamwagwe, kisha iliwe pamoja na mtindi.

Hata hivyo, hakuna kinga inayoshinda maji. Mkojo ukipungua, madini hujitenga na kuganda kama chumvi inavyobaki maji ya bahari yanapokauka, na ndiyo sababu wanaofanya kazi juani, iwe Mombasa au Muscat, wamo hatarini zaidi. Lengo ni kupata mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku, jambo linalomtaka anayetoka jasho jingi anywe zaidi ya kiasi hicho, akigawa maji hayo mchana kutwa na kabla ya kulala. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizodhoofika aulize kwanza daktari wake.

Si mawe yote, lakini, yanayofuata kanuni hizi. Mawe ya asidi ya yuriki yanaweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza ukali wa asidi kwenye mkojo, ilhali yale yatokanayo na maambukizi ya bakteria hurudi maambukizi yasipotibiwa na vipande vyote kuondolewa. Kwa hiyo jiwe likitoka lisitupwe. Mgonjwa akojoe kupitia chujio, alihifadhi na kulipeleka maabara, kwani kipimo hicho ndicho kitakachomwongoza daktari kuchagua kinga inayolifaa.