Je, wajua kwa nini waandishi wengine huenda kulala tukio likiwa nusu?

Msomaji wa hadithi za mitandaoni analijua neno "Itaendelea", na anajua linavyokera. Bi harusi ameshika kitasa cha mlango, chumbani inasikika sauti ya mtu aliyezikwa mwaka jana, halafu: itaendelea. Kumbe wapo waandishi wanaojifanyia ukatili huohuo wao wenyewe. Kalamu inateleza, tukio limenoga, mara wanafunga daftari na kwenda kula.

Mimi nilidhani huo ni uvivu uliotafutiwa jina zuri. Kanuni yangu ilikuwa kumaliza sura ndipo nilale, na nililala vizuri sana. Taabu ilikuwa asubuhi. Sura imekwisha, inayofuata haina hata neno moja, nami nimekaa kungoja ilhamu (vijana wanaiita mzuka) kama mtu anayengoja daladala kwenye barabara isiyo na daladala.

Anayetajwa zaidi kwa ushauri wa kuacha kazi katikati ni Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Mwaka 1935, katika jarida la Esquire, aliandika kwamba ni vizuri kusimama wakati kazi inakwenda vyema na unajua kitakachofuata. Yashike maneno hayo mawili ya mwisho, "unajua kitakachofuata". Mimi niliyaruka, na nitayalipia huko mbele.

Nilipoanza kuufuata ushauri huu nikataka na sababu yake, nikaipata haraka, na ikawa ya makosa. Nilikuwa nikiwaeleza wenzangu kwa kujiamini: akili ya binadamu hukumbuka kazi isiyokwisha kuliko iliyokwisha, kwa hiyo hadithi iliyoachwa nusu hubaki kichwani ikichemka usiku kucha. Nilikuwa hata na jina la mwanasayansi.

Jina lenyewe ni la kweli. Bluma Zeigarnik, mzaliwa wa Lithuania, alikuwa mwanafunzi wa mwanasaikolojia Kurt Lewin mjini Berlin. Inasimuliwa, kwa namna tofauti tofauti, kwamba fikra ilianzia mkahawani: mhudumu alikumbuka oda zote za wateja bila kuandika, lakini bili ikishalipwa hakumbuki chochote. Zeigarnik akawapa watu kazi ndogondogo, kama kutunga shanga, kufinyanga udongo na kutegua mafumbo, na nusu ya kazi hizo akazikatiza kabla hazijakwisha. Mwaka 1927 alichapisha matokeo: zilizokatizwa zilikumbukwa zaidi, karibu maradufu.

Simulizi tamu. Shida ni kwamba wengine waliporudia jaribio hilo, mara nyingi hawakupata alichokipata yeye. Mwaka 2025 ulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio ya miongo mingi, na haukuona kwamba kazi isiyokwisha ina nafasi ya upendeleo katika kumbukumbu. Nikabaki na jina la mwanasayansi na sina hoja.

Lakini uchambuzi huohuo uliona kitu kingine kimesimama imara, nacho ni cha mwanafunzi mwingine wa Lewin asiyejulikana sana, Maria Ovsiankina. Mwaka 1928 yeye hakuuliza watu wanakumbuka nini. Aliwakatiza, akawaacha wapumzike, akatazama. Wengi waliirudia kazi ile wenyewe, bila kuagizwa na bila kuahidiwa kitu. Shanga za mtu mwingine, zisizo na faida yoyote kwao, na bado mikono ikazifuata!

Kwa hiyo faida ya kuacha katikati si kukumbuka. Ni kurudi.

Mtazame msusi wa ukili, ule utepe wa miyaa (vipande vyembamba vya majani makavu) unaoshonwa kuwa mkeka. Jioni ikifika haukati wala haufungi mwisho. Anauacha miyaa ikiwa wazi, imetawanyika kama vidole. Kesho yake akikaa kwenye jamvi haanzi kwa kufikiri. Vidole vinaona mwaa upi uko juu na upi uko chini, na ule uliokuwa juu ndio unaokwenda chini. Mwaa ukiwa mfupi anapachika mwingine, kazi inasonga. Kuanza ukili mpya ni jambo jingine kabisa: hapo hakuna cha kufuata, kila mwaa unataka uamuzi, ndiyo maana anayejifunza aghalabu hupewa ukili ulioanzwa na mtu mzima. Mimi na kanuni yangu ya kumaliza sura nilikuwa naukata ukili kila jioni, halafu kila asubuhi nashangaa kwa nini kuanza ni kugumu.

Ila miyaa iliyo wazi ni tofauti na miyaa iliyochanganyikana. Mwaka 2011 wanasaikolojia Masicampo na Baumeister walionesha kwamba watu wenye jambo lisilokwisha huvurugwa na mawazo yake hata wanaposoma kipande cha riwaya. Waliopewa nafasi ya kupanga kwa undani watalimaliza vipi, usumbufu ule ulipungua sana, ingawa jambo lenyewe lilikuwa bado halijafanyika. Hapo ndipo "unajua kitakachofuata" panapopata uzito. Kusimama ukijua ni kusimama na mpango mkononi. Kusimama kwa sababu umekwama ni kwenda kulala na deni.

Sitaki kulivuta jambo hili kupita urefu wake. Shanga na mafumbo ni kazi za dakika chache, riwaya ni ya miaka, na kutoka huko hadi huku nimeruka kwa miguu yangu mwenyewe. Tena wapo wanaofanya kinyume na kufanikiwa. Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa posta Uingereza, aliandika akiwa na saa mbele yake, maneno 250 kila robo saa, na akimaliza riwaya kabla muda wake haujakwisha alivuta karatasi nyingine akaanza ijayo. Mtu wa aina hiyo hahitaji ushauri wa mtu yeyote.

Mhusika wangu mmoja ana mwezi wa pili sasa yuko Kivukoni, amenyanyua mguu apande pantoni kwenda Kigamboni. Nilimwacha hapo kwa makusudi, tukio likiwa limenoga. Sikuwa nimejua anakwenda kumfuata nani.