Bima ya aliyekugonga si bima yako

Watu wanaonijia baada ya ajali huanza na sentensi ileile: "Kosa ni lake, kwa hiyo bima yake inilipe." Nusu ya kwanza mara nyingi ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayowachelewesha. Kazi yangu ni kupima hasara za magari na kuandika ripoti ambazo kampuni za bima huzitumia kuamua nani alipwe kiasi gani, na nimeona madai mazuri kabisa yakikwama kwa sababu mwenye gari alidhani kampuni ya upande wa pili ina wajibu wa kumhudumia. Haina. Mkataba ni kati yake na yule dereva. Wewe ni mtu wa tatu: hukulipa ada kwao, hukusaini nao kitu. Unayemdai ni dereva. Kampuni yake imesimama nyuma yake kumlipia deni, kama deni lipo, na kwa kiasi ulichothibitisha tu.

Ukilielewa hilo, mengine yote yanakaa sawa.

Bima ya lazima ya magari ilibuniwa kwa ajili ya anayegongwa. Massachusetts, Marekani, iliifanya sharti mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya 1930. Ila sheria ile ya Uingereza iligusa vifo na majeraha peke yake. Mali ya mtu wa tatu haikuingizwa kwenye ulazima mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Zipo nchi ambazo hadi leo bima ya lazima inamtazama binadamu tu, na bampa lako halimo. Kwa hiyo usiridhike kusikia kwamba aliyekugonga ana bima. Uliza bima yenyewe inafidia nini, na ukomo wake ni kiasi gani. Stika ya kwenye kioo haisemi hayo.

Tuanzie barabarani, maana dai hujengwa au kubomoka pale. Karibu kila mtu hupiga picha za mbonyeo, kwa karibu, kumi zinazofanana. Mbonyeo nitauona mwenyewe gari likifika gereji. Nisichoweza kukiona ni barabara. Kama ni salama kufanya hivyo, kabla magari hayajasogezwa rudi nyuma hatua kadhaa upige picha pana: magari yote mawili yalivyosimama, mistari ya barabara, alama na taa za kuongozea magari, matairi yameelekea wapi. Kisha piga picha vioo vilivyomwagika na matope yaliyokauka yaliyodondoka kutoka chini ya magari. Vitu hivyo huanguka karibu na mahali palipogonganiwa, na mara nyingi ndivyo vinavyomaliza ubishi wa nani aliingia njia ya nani. Baada ya hapo chukua namba za gari, leseni, cheti cha bima chenye namba ya mkataba, na simu za mashahidi. Shahidi aliyekuwa amesimama pembeni ana uzito kuliko abiria wako. Na kama jengo la jirani lina kamera, omba rekodi siku hiyohiyo. Mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku chache.

Ripoti polisi hata kama mwenzako anakusihi myamalize wawili. Fedha za mkononi barabarani zina ladha nzuri mpaka fundi afungue bampa. Na akikiri mbele ya watu wote, usitembee kifua mbele. Mikataba mingi ya bima humkataza mteja kukubali kosa bila ridhaa ya kampuni, kwa hiyo maneno yake hayaifungi kampuni moja kwa moja. Mwambie aandike kilichotokea na kusaini. Maelezo ya tukio yana faida kuliko samahani. Wewe nawe chunga ulimi kwa sababu hiyohiyo.

Sasa kuna milango miwili. Kama una bima kubwa, yaani ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, unaweza kudai kwenye kampuni yako. Inakutengenezea gari, kisha inavaa viatu vyako na kumfuata aliyekugonga ili irudishiwe fedha zake. Hapo wewe ni mteja: una mkataba wa kushika mkononi na mahali pa kulalamika. Gharama yake ni kile kiasi ambacho mkataba unakutaka uchangie mwenyewe katika kila dai, pamoja na hatari ya kupoteza punguzo la ada apewalo mteja asiyedai, wakati suala halijaisha. Kiasi ulichochangia ni sehemu ya hasara yako, kwa hiyo kidai kwa mkosaji. Wengi hukisahau, na hakuna atakayewakumbusha.

Mlango wa pili ni kwenda moja kwa moja kwa kampuni ya aliyekugonga. Huchangii chochote, na unaweza kudai hata usumbufu ambao bima yako mwenyewe haiufidii, kama gharama ya kukodi gari lingine. Lakini mzigo wote wa kuthibitisha ni wako. Mimi, mtu akiwa na bima kubwa na kosa likiwa na ubishi hata kidogo, humshauri apite kampuni yake mwenyewe kwanza. Kama kosa liko wazi, mfano umegongwa kwa nyuma ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu, mlango wa pili unaweza kuwa wa haraka. Vyovyote utakavyochagua, ijulishe kampuni yako. Mikataba mingi inakutaka utoe taarifa ya kila ajali, hata usiyoidai.

Usiingie milango yote miwili kwa hasara ileile. Kanuni ya fidia ni kurudishwa ulipokuwa, si kuneemeka. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililisema hilo mwaka 1883 katika kesi ya Castellain na Preston: mtu aliyekuwa katikati ya kuuza nyumba alilipwa na bima baada ya moto, kisha mnunuzi naye akalipa bei yote. Ikabidi fedha za bima zirudi. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kazi hadi leo unapojaza fomu ya madai.

Siku chache baadaye simu italia. Ni afisa wa kampuni ya upande wa pili, mpole, anauliza hali yako na kuomba maelezo machache, na mazungumzo yanarekodiwa. Tumezoea kujibu "sijambo" hata shingo ikiwa haigeuki. Jibu hilo linaweza kuingia kwenye faili. Maumivu ya shingo baada ya kugongwa kwa nyuma mara nyingi hayaji palepale. Hujitokeza baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Mtikisiko wa ubongo pia unaweza kuchelewa kuonyesha dalili. Nenda hospitali mapema upimwe, upate maandishi yenye tarehe, na yule afisa mwambie kwa adabu kwamba utajibu kwa maandishi.

Kuhusu gari lenyewe, makadirio ya kwanza ni makadirio ya kinachoonekana. Bampa za siku hizi ni plastiki. Hubonyea na kurudi umbo lake huku chuma cha nyuma yake kimejikunja. Ndani yake mna vihisi na kamera ambazo zikibadilishwa huhitaji kurekebishwa upya kwa vipimo. Ndiyo maana ninasisitiza gari lifunguliwe nikiwepo, au fundi apige picha za kila hatua. Uharibifu ukigundulika baadaye, unaandikiwa makadirio ya nyongeza kabla ya kutengenezwa. Ukitengeneza kwanza kisha ukadai, unaniomba nipime kitu ambacho hakipo tena.

Kiti cha mtoto nacho husahaulika. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inashauri kibadilishwe baada ya ajali ya wastani au kubwa. Ajali inahesabiwa ndogo ikiwa tu gari liliweza kuendeshwa kutoka eneo la tukio, mlango ulio karibu na kiti haukuharibika, hakuna aliyeumia, mifuko ya hewa haikufunguka, na kiti chenyewe hakionyeshi dosari. Likikosekana hata moja, kiweke kwenye orodha ya madai na risiti yake.

Gharama ya matengenezo ikikaribia au kupita thamani ya gari, kampuni italipa thamani na kuchukua mabaki, au itakata bei ya mabaki ukitaka kubaki nayo. Thamani hiyo ni bei ya soko ya gari la aina hiyo, umri huo na hali ileile, dakika moja kabla ya ajali. Haijali ulilinunua kwa kiasi gani wala unadaiwa mkopo kiasi gani. Kama ofa ni ndogo, lawama hazisaidii. Leta matangazo ya mauzo ya magari yanayofanana na lako, pamoja na kumbukumbu za sevisi. Nimebadilisha takwimu zangu kwa ushahidi wa aina hiyo. Kwa kelele, hapana. Na usishangae ukikatwa kidogo kwa tairi au betri mpya iliyochukua nafasi ya kuukuu. Uchakavu hukatwa kwenye vitu vinavyolika. Ukikatwa kwenye mlango au taa, hoji. Gari likilala yadi huku ada ya maegesho ikipanda, liondoe mapema, kwa sababu sheria inakutaka uzuie hasara isikue.

Kosa pia linaweza kugawanywa. Mwenzako akabeba asilimia 80, wewe 20, na fidia ikapungua kwa kiasi hicho. Mkanda ni mfano mzuri: katika kesi ya Froom na Butcher, iliyoamuliwa Uingereza katika miaka ya 1970, jaji Lord Denning alisema asiyefunga mkanda apunguziwe asilimia 25 ya fidia ikiwa mkanda ungezuia majeraha kabisa, na 15 ikiwa ungeyapunguza tu. Nambari hizo si sheria ya kila nchi, lakini mantiki yake utaikuta kwingi. Zipo nchi zilizoachana kabisa na swali la mkosaji kwa majeraha. New Zealand, tangu 1974, hulipa majeruhi kutoka mfuko wa umma.

Mwisho huletwa hati ya kukubali malipo. Isome. Ikisema "malipo kamili na ya mwisho kwa madai yote", saini yako inafunga gari na mwili kwa pamoja, hata kama uliyolipwa ni bampa. Omba iandikwe kwamba inahusu uharibifu wa gari peke yake. Dai la majeraha libaki wazi mpaka daktari aseme hali yako imetulia, mradi ukomo wa muda wa kufungua kesi katika nchi yako haujafika.

Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, pita kwanza kwenye dawati lake la malalamiko kwa maandishi, kisha kwa mdhibiti wa bima au msuluhishi aliyewekwa kisheria. Ikibidi mahakama, kwa kawaida anayeshtakiwa ni dereva, si kampuni yake. Kampuni nayo ipelekee taarifa ya kesi mapema, kwa maandishi, na ubaki na uthibitisho wa kupokelewa. Sheria za nchi kadhaa zinaitaka taarifa hiyo itolewe kabla kesi haijafunguliwa au siku chache tu baadaye, na usipoitoa unaweza kushinda kesi na kubaki na hukumu dhidi ya dereva asiye na kitu.