i7 ya mwaka gani?

Nimeulizwa tena wiki hii: "Kaka, ofisi inanunua kompyuta ya kuchakata data. Nimewaambia watafute i7, si inatosha?" Haitoshi. Aliyeniuliza ni mtu makini, anashinda na Stata, programu ya takwimu, kutwa nzima, kwa hiyo simlaumu yeye. Ninachokilaumu ni ile karatasi ya manunuzi inayonakiliwa kila mwaka wa fedha bila mtu kuisoma: "Core i7, 8GB, 1TB". Mstari huo mmoja umewapotezea wachambuzi wetu saa nyingi mno mbele ya skrini zilizoganda, na bado unanakiliwa.

Tuanze na i7 yenyewe. Si kipimo cha nguvu. Ni jina la daraja ndani ya kizazi kimoja cha prosesa, chipu inayofanya hesabu za kompyuta, na tangu Intel walitoe jina hilo mwaka 2008 vizazi vimepita vingi. Habari iko kwenye namba inayofuata baada ya kistari, pamoja na herufi ya mwisho. Angalia i7-7500U ya mwaka 2016: ina kori (vitengo vya kufanyia hesabu ndani ya prosesa) mbili tu, na imeundwa kwa mpakato mwembamba unaotakiwa kula wati 15. Kisha angalia i5-12400 ya mwaka 2022, ya mezani: kori sita, na kila moja inaizidi kasi kori ya ile i7. Muuzaji akikwambia "hii ni i7, bosi, ndiyo mwisho wa matatizo", muulize namba kamili. Akishindwa kuitaja, fungua mwenyewe taarifa za mfumo uisome. Ukikuta U mwishoni, hiyo mashine ni ya kuandikia barua na kuendeshea mikutano. Itaanza vizuri asubuhi, itapata joto, itapunguza kasi ili isiungue, na kazi yako ya saa moja itakula mchana wote.

Lakini hata ukipata prosesa nzuri bado hujagusa penye tatizo. Kwa kazi zetu prosesa si mahali pa kwanza pa kukwama. RAM ndiyo, yaani kumbukumbu ya muda ambamo data hukaa wakati inafanyiwa kazi. Stata inapakia faili zima kwenye RAM kabla hujaandika amri ya pili. R, programu nyingine ya takwimu, nayo inafanya hivyo kwa kawaida. Kwa upande wa pandas, zana ya data ya lugha ya Python, Wes McKinney, aliyeianzisha, aliandika mwaka 2017 kwamba kanuni yake ni kuwa na RAM mara 5 hadi 10 ya ukubwa wa data. RAM ikijaa, mfumo unaanza kuhamishia vipande kwenye diski. RAM ya aina ya DDR4-3200 ikiwa vipande viwili inaweza kupitisha GB 51 kwa sekunde. SSD (diski isiyozunguka) iliyounganishwa kwa njia ya zamani ya SATA haifiki hata GB 0.6, na diski ya kuzunguka iko chini zaidi. Fungua Task Manager wakati mashine imeganda: mara nyingi utakuta diski iko asilimia mia na prosesa imekaa tu. Hiyo i7 uliyoipigania kwenye kamati ya manunuzi inasubiri diski.

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu watu wanaliruka jambo hili na ndilo linaloamua bajeti. Ukubwa wa data si ukubwa wa faili kwenye diski, wala si idadi ya mistari peke yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Chukua jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu na safu 60. Kila safu ikihifadhiwa kama double, yaani baiti 8, unahitaji karibu GB 30 za RAM kulifungua tu, kabla ya merge (kuunganisha majedwali) wala reshape (kuligeuza umbo). Sasa fikiria majibu yenyewe: mengi ni ndiyo au hapana, au msimbo kati ya 1 na 9. Hayo yanatosha kwenye baiti moja. Jedwali lilelile, watu walewale, linashuka hadi GB 3.7. Umri nao unaingia kwenye byte ya Stata, aina yake ya namba ya baiti moja, ila byte inaishia 100, hivyo mzee mmoja wa miaka 101 anaisukuma safu nzima kwenda int, baiti mbili. Hilo halina madhara.

Maandishi ndiyo yenye madhara. Mkoa ukiuandika kwa herufi, Stata inatenga nafasi ya jina refu kuliko yote kwa kila mstari, hata mstari wa Mara wenye herufi nne. "Kaskazini Unguja" ni baiti 16. Zidisha kwa watu milioni 61.7 unapata karibu GB 1 kwa safu moja, wakati mikoa yote 31 ingekaa kwenye baiti moja na kuchukua chini ya MB 62. Amri ya compress itakupunguzia safu za namba. Maandishi hayageuzwi namba mpaka utumie encode. Fanyeni hayo kwanza, ndipo mpime mnahitaji RAM kiasi gani. Nimeona ofisi ikiomba seva kwa ajili ya faili ambalo baada ya encode lingefunguka kwenye mpakato wa karani.

Na anayeniambia faili lake "halifunguki lote" kwenye Excel: karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576, basi. Hakuna kompyuta itakayoiongeza.

Kwa mtu anayechakata kila siku, ushauri wangu ni GB 32 za kuanzia, na 64 kama anaunganisha majedwali makubwa. Nunua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, vinginevyo unatumia nusu ya njia ya RAM. Hakikisha kuna nafasi za kuongeza. Mipakato mingi myembamba RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), ukinunua GB 8 umefunga ndoa nazo. SSD iwe NVMe, aina yenye kasi kuliko SATA, na ziwe mbili: ya mfumo na ya data. Epuka za bei ya chini kabisa. Nyingine zinaandika haraka mpaka akiba yao ya ndani ijae, kisha katikati ya faili kubwa zinaporomoka hadi kasi ya diski ya zamani. Kadi ya grafiksi usiilipie kama kazi yako ni Stata na R. Haitumiki.

Sasa ECC, RAM inayojisahihisha makosa, ambapo vitabu vina uhakika kuliko nilio nao mimi. RAM ya ECC ya DDR4 ina biti 72 kwa kila 64 za data, na hizo nane za ziada zinairuhusu mashine kuona biti iliyogeuka na kuirekebisha. Mwaka 2009 Google walichapisha uchunguzi wa seva zao wenyewe: zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata hitilafu ndani ya mwaka, na karibu theluthi moja ya mashine. Naamini namba hizo. Lakini siwezi kukuonyesha jedwali hata moja la ofisi ya kawaida lililoharibika kwa sababu hiyo, na tatizo ndilo hilo hasa: biti ikigeuka hakuna anayepiga kelele. Kipato cha kaya kinabadilika, wastani unasogea, ripoti inapita. Mimi nachagua ECC kwa data ambayo itaamua fedha za watu. Mwenzangu ninayemheshimu anasema nusu ya gharama hiyo ingefaa zaidi kwenye diski za kuhifadhi nakala, na sijapata hoja ya kumshinda.

Njia ya bei nafuu ya kuipata ECC ni mashine za mtumba zilizotengenezwa kwa kazi nzito: HP Z440, Dell Precision 5810, Lenovo ThinkStation P510. Zina Xeon, prosesa za Intel za seva na kazi nzito, nafasi nyingi za RAM, na feni zinazovumilia kazi ya siku nzima. Angalizo moja tu kuhusu RAM: zinatumia aina ya registered, ambayo haikubaliki kwenye mazabodi ya kompyuta ya kawaida, kwa hiyo usidhani utahamisha vipande baadaye. Angalizo kubwa zaidi ni kwamba Xeon hizo ni za zamani. Zina kori nyingi, lakini kila kori ni ya polepole ukilinganisha na i5 ya sasa, na toleo la Stata/SE linatumia kori moja; ni toleo la Stata/MP linalotumia zaidi. R ya kawaida pia ni kori moja kwa amri nyingi, isipokuwa vifurushi kama data.table. Kwa majedwali ya kati, i5 mpya yenye GB 64 itamaliza kabla ya Z440. Data ikivuka hapo, Z440 yenye GB 128 itakuwa bado inafanya kazi wakati ile i5 imeganda. Mimi bado nayumba kati ya hizo mbili kila ninapoombwa ushauri, na nauliza kwanza ukubwa wa faili kubwa kuliko yote.

Umeme usiusahau kwenye bajeti. UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, nunua kwa wati, si kwa VA; iliyoandikwa 650VA kwa kawaida haivuki wati 400, na mashine hizi zikipewa mzigo pamoja na skrini mbili zinaweza kuikaribia. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima, si kumalizia regresheni.

Siku ya kupokea mashine, iwe mpya au ya mtumba, usisaini kwanza. Iwashe MemTest86, programu ya kupima RAM, uiache ikimbie usiku kucha, na usome hali ya diski kwa CrystalDiskInfo uone imeshafanya kazi saa ngapi. Hitilafu hata moja ya RAM, mashine inarudi dukani asubuhi. Muuzaji asiyekubali sharti hilo kwa maandishi, usimpe fedha.