Omakase na menyu ya kuonja: maana ya kumwachia mpishi achague

Omakase ni utaratibu wa migahawa ya Kijapani ambao mlaji hachagui chakula, bali humkabidhi mpishi uamuzi wote, naye mpishi humwandalia vyakula kadhaa, kimoja baada ya kingine, kulingana na alichokipata sokoni siku hiyo. Migahawa ya Kifaransa ya hadhi ya juu ina utaratibu unaokaribiana na huo uitwao dégustation, yaani menyu ya kuonja: sahani ndogondogo, pengine saba, pengine zaidi ya kumi, ambazo mpishi amekwishazipanga na bei yake kuiweka. Mtu wa Mtwara au Lindi anayekwenda Tokyo, Paris au jiji jingine kubwa kwa biashara ya korosho au kwa masomo, akaalikwa chakula na wenyeji wake, huenda akakutana na maneno haya, na ni vyema ayaelewe kabla ya kuketi mezani.

Dhana yenyewe si ngeni kwa watu wa pwani. Mgeni anayefikia nyumbani kwa watu Mikindani haletewi orodha ya vyakula. Mwenye nyumba huangalia kilichoshushwa na wavuvi asubuhi, akaamua kipi kiungwe kwa nazi na kipi kichomwe, na mgeni hula akiamini kwamba amepewa kilicho bora. Kwenye omakase imani hiyo hulipiwa, tena kwa fedha nyingi, na kwa sababu hiyo mlaji ana haki ambazo mgeni wa nyumbani angeona haya kuzidai.

Omakase inayojulikana zaidi ni ya sushi, nayo huliwa kaunta. Wateja huwa wachache, wameketi wakitazamana na mpishi, ambaye Wajapani humwita itamae. Yeye hukata kipande cha samaki, hukipaka wasabi kidogo (kiungo cha kijani chenye ukali), huchukua tonge dogo la wali uliotiwa siki, chumvi na sukari, huvibana pamoja kwa vidole mara chache, kisha hukiweka mbele ya mlaji. Kipande hicho huliwa papo hapo, kwa kuwa wali wa sushi nzuri huandaliwa ukiwa na joto linalokaribia la mwili, na ukiachwa upoe huku watu wakipiga picha, kazi ya mpishi inakuwa imeharibika. Kukila kwa mkono ni adabu kamili. Ikiwa mpishi hajakipaka mchuzi wa soya mwenyewe, basi upande wa samaki ndio unaochovywa, si wali. Vipande vya tangawizi ya siki vilivyowekwa pembeni ni vya kusafishia kinywa kati ya samaki mmoja na mwingine.

Mpangilio nao una maana. Kwa kawaida mpishi huanza na samaki wepesi wenye nyama nyeupe, akaelekea kwa wenye mafuta, na hapo jodari ndiye mwenye heshima kubwa: nyama yake nyekundu huitwa akami, ya tumbo yenye mafuta ya kiasi huitwa chutoro, na ile yenye mafuta mengi kabisa huitwa otoro. Wavuvi wetu wengi wangeshangaa kusikia kwamba mpishi hodari hakimbilii kumkata jodari siku ileile aliyovuliwa. Humhifadhi kwenye baridi kwa siku kadhaa, kwa sababu nyama inahitaji muda wa kulainika na kukolea ladha. Hilo linawezekana pale samaki aliposhughulikiwa vizuri tangu mwanzo, kwa njia iitwayo ikejime, ambayo mvuvi humchoma samaki kwenye ubongo mara tu anapompata na kumtoa damu, ili nyama isikakamae upesi. Samaki wa aina nyingine hugandishwa kwanza ili kuua minyoo. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kula samaki mbichi ni suala la kuwahi sokoni tu.

Upande wa Ufaransa, desturi ya kuleta sahani moja baada ya nyingine ilienea katika karne ya 19, ikichukuliwa kutoka kwa Warusi. Kabla ya hapo vyakula vingi viliwekwa mezani kwa pamoja. Katika miaka ya 1970 wapishi wa Kifaransa walipunguza uzito wa michuzi na ukubwa wa sahani, na baadhi yao, akiwemo Paul Bocuse, walifika Japani na kuona jinsi chakula kinavyopangwa huko. Mwaka 2003 mpishi Mfaransa Joël Robuchon alifungua migahawa Tokyo na Paris ambayo wateja huketi kaunta wakitazama jiko, mfano alioupenda kutoka kwenye sushi. Ndiyo maana taratibu hizi mbili zinafanana kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa haki za mlaji. Bei huulizwa mapema, pamoja na kama vinywaji vimo ndani yake. Mvinyo unaolinganishwa na kila sahani kwa kawaida hulipiwa kando, na kuukataa si kosa. Japani hakuna desturi ya bakshishi, na Ufaransa gharama ya huduma imo tayari kwenye bei.

Jambo lililo zito zaidi kwa wengi wetu ni la halali na haramu, na hapa kusema tu kwamba huli nguruwe hakutoshi. Wajapani hutumia sake na mirin, ambavyo ni vileo, katika michuzi na supu nyingi. Wafaransa hupikia mvinyo, na jelatini ya baadhi ya vitindamlo vyao hutokana na nguruwe. Maelezo haya, pamoja na mzio wowote au ujauzito, hutolewa siku ya kuweka nafasi, maana mpishi amenunua vitu kwa idadi ya watu anaowatarajia. Mgahawa ukijibu kwamba hauwezi kubadilisha mpangilio wake, mlaji aombe njia nyingine: kwenye sushi ipo okonomi, ambapo unaagiza kipande kimoja kimoja unachokitaka, na kwa Wafaransa ipo à la carte, ambapo kila sahani huchaguliwa na kulipiwa peke yake.