Kilugha Kazini: Jamani, Tuache Kukariri

Nasahihisha insha za mwaka wa tatu, na karibu darasa zima limeandika kwamba lugha za jamii, yaani za makabila yetu, "hazina nafasi katika mazingira ya kazi". Wengine wamenakiliana hadi koma.

Kiswahili kimetuunganisha, hilo halina mjadala. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiandika wasifu wa kuombea kazi, anajaza Kiingereza, Kiswahili na "Kifaransa kidogo", yaani bonjour na hesabu hadi kumi. Kisukuma, lugha ya mamilioni ya watu, alichokua nacho nyumbani, hakiandiki. Ukimuuliza, anacheka.

Chukua zahanati ya ndani ndani kule Maswa, Usukumani. Bibi wa miaka 70, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na bei ya pamba. Muuguzi ametokea Tanga. Mkalimani ni mjukuu wa kiume wa miaka 14. Bibi anatokwa damu ukeni, na hilo hawezi kumtamkia mjukuu wake hata iweje. Basi anasema kiuno kinauma. Mjukuu anatafsiri kiuno, bibi anaandikiwa dawa ya maumivu, safari ya nyumbani. Sera ya Utamaduni ya Tanzania ya 1997 inatutaka tujivunie lugha hizi. Sawa, tujivunie, lakini bibi bado anatokwa damu.

Hapo ndipo naambiwa, "Mwalimu, huo si ukabila?" Neno hili limegeuka rungu la kufungia mjadala. Wafanyakazi wawili wakiteta kwa kilugha mbele ya mwenzao asiyekijua, huo ni utovu wa adabu, na kama wanapanga nani apate safari ya semina, basi ni ukabila kweli. Wanafunzi wana haki ya kuuchukia. Lakini karani anayemweleza mzee fomu ya ardhi kwa lugha anayoielewa hajamtenga mtu yeyote. Anafanya kazi yake. Cha kuangalia ni nani yupo pale na nani anaachwa nje.

Wala msiniletee matokeo ya hojaji kama ushahidi wa kila kitu. Mwanasaikolojia Lambert na wenzake kule Montreal, Kanada, mwaka 1960, waliwasikilizisha watu sauti za wasemaji walewale, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza, bila kuwaambia kwamba ni walewale. Za Kiingereza zilipewa sifa bora zaidi, hata na wasemaji wa Kifaransa wa pale wenyewe. Hisia za namna hiyo hazijitokezi mtu akiulizwa moja kwa moja. Mtu akijaza "nakubali sana" kwenye dodoso langu, sijui kama anasema la moyoni au ananifurahisha mimi.

Kuna na hili linalonikosesha usingizi. Muuguzi anayejua Kisukuma ataitwa kila wodi kutafsiri, zamu yake ikimsubiri, bila senti ya ziada. Nikisema alipwe, au lugha iwe sifa ya ajira, kesho bosi fulani atajaza ofisi ndugu zake watupu na kusema ni mahitaji ya wateja. Kwenye mihadhara yangu huwa naliruka.